Dakika Moja na Nusu

Bi mkubwa aliitoa CD chini ya khanga, imefungwa kwenye leso ya kiume iliyopigwa pasi.

"Hii yako," akaniambia. "Isomeshe."

Nilikuwa nimekaa kwenye baraza la rafiki yangu, Barabara ya 12 hapa Ngamiani, nakunywa kahawa ya jioni, sina habari na mtu. Kazi ya duka niliiacha zamani. Nikaifungua leso. Juu ya diski, kwa kalamu ya wino mzito, pameandikwa MASHAIRI YA MZEE, 2008. Sikuwa na haja ya kuuliza mwandiko ni wa nani. Herufi M yangu hadi leo inasimama kama mtu aliyetanua miguu.

"Ina nini, bibi?"

"Mwanzo inasema vizuri. Ikikaribia mwisho inakatakata, halafu kimya. Lile shairi la mwisho halitoki kabisa. Na lile ndilo langu."

Nikamwambia nitaiangalia. Akainuka, akajitanda khanga yake sawasawa, akashuka kidato cha baraza, kisha akageuka.

"Wewe si ulisema hizi hazifi?"

Akaenda zake. Kahawa yangu ikapoa.

Foleni ya Ijumaa

Wa rika langu nisiwachoshe kwa maelezo, mnayajua: duka jembamba la kunakili muziki kwenye CD, feni inayolalamika, kompyuta mbili, na ule mnara wa diski 50 uliochomekwa kwenye kijiti chake cha plastiki. Ijumaa baada ya swala ndipo tulipokuwa tunatoka jasho. Huyu anataka harusi nakala kumi, yule mawaidha, mwingine taarab ya zamani ya Black Star na Lucky Star, na wote wanataka sasa hivi.

Programu yetu ya kuchomea, yaani ya kuandikia diski, ilikuwa Nero. Nilichelewa sana kujua utani uliomo ndani ya jina hilo: Nero ni yule mfalme wa Kirumi anayesingiziwa kuuchoma mji wake. Mimi nilidhani ni jina la mwenye kampuni.

Katika programu ile kulikuwa na kidirisha cha kuchagua kasi. 8x, 16x, 24x, 32x, 48x, 52x. Mimi sikuwahi kukigusa. Kilikuwa kimekaa kwenye namba ya juu kabisa tangu siku ya kwanza, na niliona fahari. Duka la jirani draivu yao, kile kifaa cha kusomea na kuchomea diski, iliishia 40x.

Bi mkubwa alikuja na kaseti ya dakika 90. Mumewe alikuwa amefariki, na kaseti ile alijirekodi mwenyewe mwaka 1991, barazani kwake, kwa redio kaseti, akisoma mashairi aliyoyatunga. Kaseti haina njia ya mkato: ukitaka kuiingiza kwenye kompyuta, unaipiga mwanzo hadi mwisho kwa mwendo wake. Nikamsikiliza mzee wa watu dakika 90 nzima huku nikihudumia wengine. Nikapunguza ule mvumo wa ukanda, nikayagawa mashairi kila moja na namba yake.

Ilipofika zamu ya kuchoma, nyuma yake alikuwepo kijana wa harusi anagonga kaunta kwa sarafu.

Nikabonyeza. 52x.

52 ya nini hasa

Aibu yangu ni hii: miaka minne nilichoma diski za watu, na sikujua ile namba inahesabu nini.

Niliijua juzi, baada ya yule bi mkubwa kuninyima usingizi. Msingi wake ni CD ya muziki, ile iliyotoka mwaka 1982 kwa Philips na Sony. Sekunde moja ya muziki inasomwa kwa sekunde moja, na mwendo huo ndio 1x. Kwa mafaili ya kompyuta ni kilobaiti 150 kwa sekunde. Kwa hiyo 52x ni 150 mara 52, kilobaiti 7,800. Ukipiga hesabu ya harakaharaka, diski ya dakika 80 ingeisha kwa dakika moja na nusu.

Haiishi.

Haiishi kwa sababu 52x hauipati diski nzima. Mkumbuke mchezo wa utotoni wa kushikana mikono na kuzunguka. Aliye katikati anageuka papo hapo, aliye mwisho wa mstari anakimbia mpaka anapoteza ndala. Mzunguko ni mmoja, ila miguu haifanyi kazi sawa. Draivu ya 52x inaizungusha diski karibu mara 10,000 kwa dakika, na haiwezi kuizungusha zaidi ya hapo bila kuhatarisha plastiki yenyewe kupasuka. Na CD, tofauti na santuri, huanza kuandikwa katikati kwenda nje. Mwanzoni, karibu na tundu, kasi halisi ni kama 22x. Inapanda taratibu, na 52x unaiona ukingoni tu, kwenye dakika za mwisho kabisa.

Yaani lile shairi la mwisho la mzee, ambalo bi mkubwa anasema ndilo lake, ndilo pekee nililoliandika kwa mwendo wa kukimbia mpaka kupoteza ndala.

Nikafanya hesabu ya pili, na hii ndiyo iliyonikalisha kitako. Diski nzima kwa 52x inachukua kama dakika mbili na nusu. Kwa 24x, kama dakika nne.

Tofauti ni dakika moja na nusu.

Kijana wa harusi angezigonga zile sarafu kwa dakika moja na nusu zaidi, basi.

Moto usio na moshi

Tunasema kuchoma, na kwa mara moja lugha ya mtaani haikukosea. Ndani ya CD ya kuandika kuna utando mwembamba wa rangi, na juu yake utando wa fedha unaong'aa kama kioo. Mwali wa leza unapita chini, unaipasha rangi joto alama kwa alama, na penye alama mwanga haurudi sawa na pasipo alama. Hakuna zaidi ya hapo. Mashairi ya mzee ni vidoa vilivyoungua.

Sasa, kadiri diski inavyokwenda mbio, leza inapata muda mdogo juu ya kila kidoa, hivyo lazima iongeze nguvu. Draivu nzuri hujaribu kwanza nguvu yake kwenye kipande kidogo karibu na tundu, kama mpishi anayeonja chumvi, ndipo ianze. Lakini anayeonja kando ya sufuria hajui kilichoganda upande wa pili. Diski ya bei rahisi ukingoni huyumba kidogo, au rangi yake haikulala sawa.

Basi dawa ni kwenda polepole? Ndivyo nilivyodhani. Polepole ndio mwendo, nimelelewa na maneno hayo. Nikanunua diski mpya, nikataka kuchoma kwa 4x, draivu ikakataa. Mwisho wake chini ilikuwa 16x. Nikakasirika, kisha nikaelewa: diski zilizotengenezwa kwa ajili ya 52x zimewekewa rangi inayoitikia joto la haraka. Ukizibembeleza kwa 1x au 2x, joto linakaa mno mahali pamoja, na vidoa vinatoka vibaya kuliko vya kasi ya kati. Walionicheka zamani kwa kuchoma 52x nao, kumbe, wangeweza kuharibu kwa kwenda taratibu.

Ukiniuliza leo, CD ichome 16x hadi 24x. DVD ambayo kasha lake linasema 16x, ichome 8x. Usipande, usishuke sana.

Ya kutoa au ya kujumlisha?

Kwa kuwa nimeitaja DVD, nitoe deni la zamani. Wateja walikuwa wananiuliza: "Mbona CD 52x na DVD 16x, mpya iko nyuma ya ya zamani?" Nilikuwa najibu upuuzi. Jibu ni kwamba 1x ya DVD ni kilobaiti 1,385 kwa sekunde, mara tisa ya CD. Kwa hiyo 16x ya DVD inapita 52x ya CD karibu mara tatu. Vipimo ni viwili, vimevaa kanzu moja.

Na ile alama. DVD-R, ya kutoa, ilitoka kwa Pioneer mwaka 1997. DVD+R, ya kujumlisha, ilikuja mwaka 2002 na kundi jingine la makampuni waliotaka njia yao. Zote ni gigabaiti 4.7, zote zinafanana machoni, ila jinsi draivu inavyojua iko wapi juu ya diski ni tofauti. Deki nyingi za zamani zilizipokea za kutoa na kuzigomea za kujumlisha. Tulikuwa tunamwambia mteja deki yake mbovu. Nimeshaomba radhi kwa wawili watatu niliokutana nao.

Gigabaiti 4.7 zenyewe ukiweka kwenye kompyuta unaona 4.38. Huibiwi. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024.

Boksi la chini ya kitanda

Wiki ya pili nililitoa boksi. Nilikuwa naweka nakala ya kila kazi niliyoipenda, pamoja na diski zilizoharibika umeme ulipokatika katikati ya kuchoma (nyingi za hizo ziliishia kwenye baiskeli za watoto wa mtaani, zikimulika usiku). Nakala ya mashairi ya mzee haikuwemo. Nilitafuta mara tatu.

Lakini zilikuwemo diski nyingine zaidi ya mia, na karibu zote nilizichoma 52x. Nikasema, hapa nitapata ushahidi dhidi yangu. Nikakaa na kompyuta usiku mbili, naingiza moja, nasoma, naandika.

Ushahidi ukanigeuka.

Zile zenye rangi ya buluu iliyokolea upande wa chini, za 52x, zilisomeka hadi ukingoni. Nyingi mno. Halafu nikafika kwenye diski ambazo tajiri wetu alizileta kwa bei ya kutupa, hazina hata jina, chini zinang'aa rangi ya maji ya dafu. Baadhi ya hizo nazikumbuka vizuri: kompyuta ya pili ilikuwa dhaifu, tulilazimika kuchoma 8x. Taratibu kabisa. Zimekufa. Moja nilipoibana kwa vidole, utando wa fedha ulibanduka kama magamba ya changu.

Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo kila muuza diski angepaswa kuambiwa siku ya kwanza. Kwenye CD, upande wa hatari ni ule wa juu tunaouandikia. Plastiki ya chini ina unene wa zaidi ya milimita moja, ukiikwaruza waweza kuisugua ikapona. Juu, kati ya kalamu yako na fedha, pana varnishi nyembamba tu. Ndiyo maana dawa ya meno, ambayo sote tumeipaka, inasaidia mkwaruzo wa chini na haiwezi kitu fedha ikishatoka. DVD imejificha vizuri zaidi, utando wake uko katikati ya vipande viwili vya plastiki.

Nikaishika diski ya bi mkubwa juu ya taa. Diski za bei ya kutupa, rangi ya maji ya dafu. Ukingoni, upande wa mwandiko wangu, vitundu vitatu vya mwanga. Vidogo kama matundu ya sindano.

Sasa nina washitakiwa wangapi? Kasi yangu. Kalamu yangu ya wino mzito, ambayo huenda ilikuwa na spiriti kali. Diski ya tajiri. Na juu ya yote, mahali ilipokaa.

Maana nilikwenda kwake. Nikamkuta amelala kidogo, mjukuu akanionyesha: diski inakaa juu ya televisheni, nje ya kasha, mkabala wa dirisha. Asubuhi jua linaingia mpaka ukutani. Upepo wa kaskazi ukivuma unaleta chumvi ya bahari, hata bawaba za dirisha zimeota kutu. Rangi ya kwenye diski haipendi mwanga, haipendi joto, na fedha haipendi unyevu. Tanga yetu inavyo vyote, na bure.

Nitakuwa mkweli: nilifurahi. Njiani kurudi nilikuwa natunga maneno. Bibi, ni jua. Bibi, ungeiweka kabatini.

Nilifika kona ya soko nikasimama.

Nililosema kaunta

Nakumbuka siku aliyokuja kuichukua. Alinionyesha kaseti mkononi mwake, akauliza, "Na hii niifanye nini?"

Nikamjibu, na nilikuwa kijana wa miaka 22 aliyevaa fulana ya kampuni ya diski: "Tupa tu bibi. Hii mpya haifi."

Sikumdanganya kwa kujua. Wakati ule baadhi ya watengenezaji walikuwa wanatangaza miaka 100. Miaka 100 ya kabati lenye giza, ubaridi na ukavu, lakini hilo nani angelisoma kwenye karatasi ya kasha? Mimi nilisoma 52x.

Na bi mkubwa hakutupa. Ni mtu wa kizamani, hatupi kitu kizima. Kaseti aliwapa watu wa shamba Pongwe, wakauvuta ukanda wote nje, wakaufunga kwenye miti kuzunguka mtama. Ukanda wa kaseti ukikazwa unavuma upepo ukipita, ndege wanaogopa. Msimu mzima mashairi ya mzee yalifukuza kwera.

Hili alinisimulia mwenyewe, anacheka. Mimi sikucheka. Na daftari aliloyaandika mzee? Mchwa, akasema, akapunga mkono.

Kwa hiyo jua, kalamu, diski ya bei ya kutupa, hata kasi, nimeviweka chini ya sentensi moja. Vyote hivyo vingeharibu nakala. Sentensi yangu ndiyo iliyoufanya ukanda uende Pongwe.

Nilipomwambia ni kosa langu, alinitazama kama mtu anayeambiwa bei ya nyanya.

"Sasa utaisomesha au hutaisomesha?"

Dakika kumi na moja

Kuna kitu nilikuwa nimekisahau. Kaseti ya dakika 90 haiingii kwenye diski ya dakika 80. Kumwambia mteja alipie diski mbili ilikuwa vita, kwa hiyo tulikuwa tunapunguza. Ya mzee niliipunguza kwa kutoa mapumziko kati ya shairi na shairi: kukohoa, kufunua kurasa, kuita mtu. Dakika 11 hivi. Mashairi hata moja sikuligusa.

Lakini nilikuwa na tabia moja nzuri, ya woga: nilichokitoa sikukifuta papo hapo. Nilikiweka kwenye diski ya majaribio, ile ya kuandika na kufuta, CD-RW. Hizo hatukuwauzia watu. Zinarudisha mwanga kidogo sana, karibu theluthi tu ya diski ya kawaida, na deki nyingi za nyumbani zilikuwa haziioni kabisa. Unaingiza, inakwambia hakuna diski. Ndani yake hakuna rangi ya kuungua, kuna mchanganyiko wa metali unaobadilika hali kwa joto na unaweza kurudishwa ulivyokuwa, hata mara elfu. Ndio maana jua haliisumbui sana kama linavyoisumbua rangi.

Ilikuwa chini kabisa ya boksi, ya kijivu kizito, haina jina. Niliichoma 4x kwa sababu yenyewe haiendi zaidi.

Ikasomeka yote.

Anakohoa. Kiti cha kamba kinalia. Anafunua karatasi, anasema "La, si hilo." Pikipiki inapita. Jogoo anawika, tena, tena, mzee anasonya. Kisha, sauti ya chini, si ya kusomea mashairi: "We mama, maji hayo bado?" Na mbali, ndani, sauti ya mwanamke ambayo huwezi kuisikia imesema nini.

Niliweka kwenye simu nikampelekea siku ileile. Alikaa kwenye mkeka, simu ameilaza juu ya goti, kichwa kimeinama. Nilijiandaa kwa machozi. Nilikuwa hata nimeangalia pembeni kwa adabu.

"Huyo jogoo," akasema, "alikuwa wa jirani. Alitutesa yule."

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Na langu?"

Draivu ya kijivu

Diski ya muziki ina ujanja wa kustiri. Ikikosa vipande vidogo, deki inakisia kilichokuwepo kwa kutazama kabla na baada, nawe husikii kitu. Kwa hiyo inaoza kimyakimya miaka kumi huku inaimba, mpaka siku makisio yanaposhindikana. Na mafaili ya kawaida ya kompyuta yamewekewa tabaka la ziada la kurekebisha makosa, ambalo muziki hauna. Ningeichoma kazi ile mara mbili, moja ya deki, moja kama mafaili, labda leo nisingekuwa naandika haya. Diski tupu ingegharimu kidogo kuliko kahawa yangu ya wiki.

Kompyuta yangu ilitoa shairi la mwisho hivi, baada ya kurudia usiku kucha:

*Nilipotoka Tongoni, na baiskeli nzima,*
*Nikafika Chumbageni, mnyororo umekwama,*
*Nikakuta barazani*

Hapo inakatika. Baada ya hapo ni mchanga tu unaomiminwa kwenye bati.

Nililiandika kwenye karatasi, nikakaa nalo. Kila mtu wa pwani anaujua mzani huo, mwili wenyewe unasubiri kile kipande cha pili. Silabi nane zimekuja, nane hazijaja, nacho lazima kiishie kwa *ma*. Kwa siku kadhaa nilitembea mjini najaribu vina kimoyomoyo. Rafiki mmoja akaniambia nitunge tu, bi mkubwa hatajua. Nilimjibu vibaya.

Nikasoma kwamba draivu hazisomi sawa. Diski inayogomewa na moja yaweza kusomwa na nyingine, hasa za zamani, na hasa ukizilazimisha kwenda pole. Hapa sasa polepole ndio mwendo kweli: kuandika ni jambo moja, kusoma majeruhi ni jingine. Nikaenda Makorora kwa jamaa anayenunua kompyuta mbovu kwa kilo. Akanipa draivu tatu, akakataa pesa, akataka nimweleze ni za nini. Nilipomweleza akaongeza ya nne.

Ya kwanza haikuwaka. Ya pili iliisaga diski mpaka nikaizima kwa hofu. Ya tatu ilikuwa imegeuka rangi kutoka nyeupe hadi ya maziwa ya chai, mbele imeandikwa namba ndogo ambazo zamani ningezicheka. Nikaifuta diski kwa kitambaa laini, kutoka tundu kwenda nje, mstari ulionyooka, bila kuzungusha. Nikaiwekea 4x. Programu inasoma kipande kilekile mara nyingi, inalinganisha, inachukua kinachorudiwa. Sekunde moja ya sauti ilichukua karibu saa.

Nililala. Niliamka kwa adhana ya alfajiri, draivu bado inakwaruza kama panya darini.

Ilikuwa imepata sekunde nne.

Nilingoja kukuche, nikaenda Barabara ya 12 kwa bi mkubwa. Alikuwa uani, ameshaweka chai. Nikamwamkia, akaitikia, nikakaa kwenye kigoda, nikampigia tangu mwanzo. Tongoni. Chumbageni. Mnyororo. *Nikakuta barazani*, na safari hii sauti haikukatika pale, ilipita juu ya tundu lile kwa mkwaruzo mdogo, ikaendelea:

*binti ameinama.*

Kisha mchanga.

Bi mkubwa alikuwa ameshika kikombe, hakunywa, hakukiweka.

"Nilikuwa nachagua mchele," akasema.

Akanirudishia simu. "Rudisha nyuma."